Jivu la Mahame

Mchai huchanua. Naanza na hilo kwa sababu kati ya mamilioni ya watu wanaokunywa chai asubuhi na jioni, ni wachache mno waliowahi kuliona ua lake. Ni ua dogo jeupe, lenye kitita cha nyuzi za manjano katikati, na harufu yake ni hafifu, huipati mpaka usogeze pua. Baada ya ua huja kitunda cha kijani, kigumu, ambacho hukauka, hupasuka na kuangusha mbegu za kahawia. Mchai ukiachwa bila kuchumwa wala kupogolewa hurefuka ukawa mti unaoipita nyumba kwa kimo. Shambani hauruhusiwi kufika huko. Mchumaji hupita kila baada ya wiki moja au mbili akavunja majani mawili na chipukizi, na kichaka hubaki usawa wa kiuno kwa miaka hamsini na zaidi, nguvu zake zote zikielekezwa kwenye majani. Anayetaka kuliona ua aende pembezoni: kando ya mfereji, nyuma ya banda la kupimia majani, kwenye vichaka ambavyo mkono wa mchumaji umevisahau.

Mmea huu ni ndugu wa kamelia zinazopandwa kwa ajili ya maua huko Japani na China. Na kamelia, pamoja na azalea, rododendroni, erika na bluberi, zina tabia moja inayowashangaza wakulima waliozoea nafaka: zinataka udongo wenye tindikali. Haziuvumilii tu, zinaudai. Zipande katika udongo ambao maharage yanaustawia vizuri kabisa, zitapauka, zitadumaa, na nyingine zitakufa huku umezimwagilia na kuzitilia mbolea kwa moyo wote.

Kipimo tunachotumia kueleza tindikali, kiitwacho pH, kilitungwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, aliyefanya kazi katika maabara ya Carlsberg, kampuni ya kutengeneza bia, mjini Copenhagen. Saba ni katikati. Chini ya saba ni tindikali, na kila hatua moja ni mara kumi ya iliyotangulia, kwa hiyo udongo wa pH 5 una tindikali mara mia kuliko wa pH 7. Chai hupenda kati ya 4.5 na 5.5. Huko ndiko mahindi yanakoanza kuteseka.

Sababu yake iko chini ya miguu yetu na inafaa kuelezwa taratibu. Katika nyanda za juu zenye mvua nyingi, kama Kericho, Limuru, Mufindi, Rungwe au Amani kule Usambara, maji yamepita kwenye udongo kwa karne zisizohesabika, yakaosha kalsiamu, magnesiamu na potasiamu na kuzipeleka mitoni. Kinachobaki ni udongo mwekundu wenye chuma na alumini nyingi. Tindikali ikizidi, alumini hiyo, ambayo kwa kawaida imefungwa ndani ya chembe za udongo, huyeyuka na kuingia katika maji yanayonyonywa na mizizi. Ncha za mizizi ya mahindi huvimba, huwa fupi na butu, kisha huacha kukua. Fosforasi nayo hunaswa na alumini na chuma, ikawa imo udongoni lakini mmea hauifikii, na ndiyo maana mahindi machanga yaliyopungukiwa huonyesha rangi ya zambarau kwenye majani yake. Mchai hauna shida na alumini. Huinyonya, huipandisha shinani na kuihifadhi katika majani makuukuu, yale ambayo hakuna anayeyachuma. Kiasi kidogo cha alumini hata huichangamsha mizizi yake. Sumu ya mmea mmoja ni riziki ya mwingine, tena katika ekari ileile, kwa mvua ileile.

Nasema haya kwa sababu lugha tunayoitumia kuhusu udongo imekuwa lugha ya hospitali. Udongo umeugua, udongo umechoka, udongo unahitaji tiba. Kwa mkulima wa mahindi wa Kakamega au Uasin Gishu, ambaye ametia mbolea ya DAP msimu baada ya msimu na kuona mavuno yakishuka, lugha hiyo ina ukweli, na chokaa ya kilimo ni jibu sahihi. Sitaki mtu yeyote asome makala haya akaacha kutia chokaa kwenye mahindi yake. Ila tindikali yenyewe si ugonjwa. Ni hali ya mahali, na ina wenyeji wake.

Wenyeji hao wanaonekana hata pale ambapo hakuna mkulima aliyewapanda. Kwenye Kilimanjaro, ukipita msitu mnene na kukaribia mita 3,000, unaingia katika ukanda wa erika, mingine mirefu kama miti ya kawaida, matawi yake yamening'iniza nyuzi za kijivu zinazonasa ukungu. Katika Rwenzori na Virunga, mipakani mwa Uganda, Kongo na Rwanda, hukua kichaka kiitwacho na wanasayansi Vaccinium stanleyi, nacho ni cha jenasi moja kabisa na bluberi. Hutoa beri ndogo juu kule kwenye baridi, na watu wengi wanaonunua bluberi za bei kali Kampala au Nairobi hawajui kwamba milima yetu ina ndugu yake.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Katika mashamba ya chai ya Kericho, ukisimama mahali pa juu ukatazama chini, utaona zulia la kijani lisilo na mwanzo wala mwisho. Kisha jicho likizoea, utaona madoa. Hapa duara la hatua chache, pale jingine kubwa zaidi, ambamo michai ni mifupi na majani yake yamegeuka manjano. Mingine imekufa na nafasi yake imejazwa na nyasi. Ukienda mpaka pale, hakuna mwamba chini yake wala maji yaliyotuama. Mvua ni ileile na mbolea ni ileile. Ukikwangua kwa ncha ya jembe, mara nyingine hutokea chembe za mkaa.

Watafiti wa chai wa Kericho wameyafahamu madoa haya kwa miongo mingi. Ni mahame. Ni mahali palipokuwa na nyumba, au zizi, kabla ya chai kupandwa. Familia inayopika kwa kuni hutoa jivu kila asubuhi na kulitupa pale pale nje ya jiko. Jivu la kuni lina kalsiamu na potasiamu tele, ambazo hufanya kazi ileile ya chokaa: huiondoa tindikali. Zizi la ng'ombe linaongeza samadi juu yake. Miaka kumi, ishirini, vizazi viwili vya jivu la mafiga, na kipande hicho cha ardhi kimebadilika kabisa. Kwa boga na mboga kingekuwa bustani bora kuliko zote kijijini, na bila shaka kilikuwa. Kwa mchai ni mahali pasipokalika.

Fikiria maana yake. Nyumba ya miti na udongo huoza ikatoweka, njia za miguu hufunikwa, mawe ya mafiga huokotwa na trekta. Lakini mmea unaodai tindikali, ukipandwa juu ya makao ya watu, unakataa kukua, na kwa kukataa huko unatuonyesha mahali hasa mwanamke fulani alipoinama kila alfajiri kuzoa jivu. Haukukusudia kumkumbuka mtu yeyote. Umenyimwa tu hali unayoihitaji. Hata hivyo, sijui kumbukumbu nyingine katika nchi hizo za milima iliyo sahihi kwa kiwango hicho, hatua kwa hatua, jiko kwa jiko.

Na historia ya Kericho haituruhusu kuyatazama madoa hayo kama jambo la kikemia peke yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iligawa ardhi ya huko kwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Kitani kilishindwa, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaingia. Wakipsigis waliokuwa wakiishi humo walisukumwa kwenye hifadhi zilizotengwa. Mwaka 1934 ilipitishwa sheria maalumu ya kuwaondoa Malaiboni, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, na ukoo wao wa Talai, wazee kwa watoto, ukapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mbali na baridi waliyoizoea. Wajukuu wao bado wanadai haki. Mwaka 2022 walifikisha malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Si kila doa la manjano ni boma la mtu aliyefukuzwa, na sipendi hoja inayojengwa kwa kutia chumvi. Mengine ni mahali palipochomwa visiki vya msitu wakati wa kusafisha shamba, au palipokuwa na jiko la kambi ya vibarua. Lakini yapo ya maboma, na hakuna awezaye kuyatofautisha kwa kutazama rangi ya jani. Anayeweza kuyatofautisha ni mzee aliyesimuliwa na bibi yake kwamba kwetu palikuwa ng'ambo ya kijito, chini ya mti fulani. Wazee hao wanapungua kila mwaka.

Hapa nataka kuvuka bahari kidogo, kwa sababu kuna kichaka kingine cha udongo wenye tindikali ambacho historia yake imenifundisha kuuliza jina la anayejua mahali linaandikwa wapi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, karibu kila mtu Marekani aliamini kwamba bluberi haiwezi kulimwa. Watu waliichuma porini. Walioihamishia bustanini, wakaipa udongo mzuri wenye samadi na chokaa, waliiona ikifa. Mwaka 1906 mtaalamu wa mimea wa wizara ya kilimo, Frederick Coville, alianza kuichunguza huko New Hampshire, na mwaka 1910 akachapisha matokeo. Uzuri wa udongo ndio ulioiua. Bluberi ilitaka tindikali, na mizizi yake, isiyo na vile vinyweleo vidogo vya kunyonyea, iliishi kwa ushirika na kuvu anayeweza kutoa chakula katika udongo maskini. Ripoti hiyo ilisomwa New Jersey na Elizabeth White, binti wa mkulima wa kranberi, katika eneo la mchanga na misonobari ambalo walowezi walilibandika jina la nyika tasa kwa kuwa mazao yao ya nafaka yalishindwa. Mwaka 1911 alimwandikia Coville, akampa ardhi ya baba yake kufanyia majaribio.

Kilichonivutia ni namna White alivyotafuta mbegu bora. Hakuwatuma wataalamu. Aliwaendea watu wa msituni, wawindaji na wachumaji waliokijua kila kichaka, akawapa kibao chenye tundu la sehemu tano za nane za inchi, karibu milimita 16, na kuwaambia: nileteeni habari za kichaka ambacho beri zake hazipiti kwenye tundu hili. Aliwalipa kwa kila kichaka kilichofaa. Kisha akakiita kichaka kwa jina la aliyekigundua. Kulikuwa na Harding, kulikuwa na Adams, kulikuwa na Sam. Maarufu kuliko vyote kilipatikana na mtu aitwaye Rube Leek, na kutokana na jina lake kikaitwa Rubel. Zao la kwanza la biashara liliuzwa mwaka 1916. Rubel inalimwa hadi leo, na damu yake imo katika aina nyingi za bluberi zinazouzwa duniani, hata katika nchi zilizo mbali sana na misonobari ya New Jersey. Mtu wa msituni, asiyeandika kitabu wala kumiliki shamba kubwa, jina lake liko kwenye orodha za miche karne moja baadaye.

Sisemi kwamba huko kila mtu alitendewa haki. Walenape walikula bluberi za eneo hilo kwa karne nyingi kabla ya White kuzaliwa, na hakuna kichaka kati ya vile kilichopewa jina lao. Lakini mwanamke huyo alielewa jambo ambalo wakulima wa mashamba makubwa ya hapa kwetu hawakulielewa au hawakulitaka: kwamba anayejua mahali kichaka kilipo ana sehemu katika kichaka hicho, na sehemu hiyo huandikwa.

Kwetu aina za chai hazina majina ya watu, zina namba. Mkulima wa Kenya atakutajia TRFK 6/8 jinsi anavyomtaja mwanawe, kwa kuwa ubora wa majani yake umemsomeshea watoto. Mwaka 2011 kituo cha utafiti wa chai Kericho kilitoa TRFK 306, chai ya zambarau, ambayo rangi ya majani yake inatokana na kundi lilelile la viini vinavyoipa bluberi rangi yake. Ni kazi kubwa ya wanasayansi wa hapa, miaka mingi ya kuchagua na kupanda na kuonja, na najivunia. Wakulima wadogo zaidi ya 600,000 wanaviuzia viwanda vyao chai ya aina mbalimbali za namba hizo, na chai imekuwa yao pia, si ya mlowezi peke yake. Sitaki kuirudisha nyuma saa wala kung'oa mchai hata mmoja.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Dawa ya doa la manjano inajulikana: hupimwa udongo, kisha hutiwa salfa, au sulfeti ya alumini. Bakteria wa udongo huigeuza salfa kuwa asidi, kazi inayochukua miezi, na polepole pH hushuka mpaka pale mchai unapopataka. Majani hurudi kuwa kijani. Shamba hupendeza, mavuno hupanda, na meneja huandika taarifa njema. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Lakini siku doa linapopona, ushahidi unafutika. Hakuna atakayejua tena kwamba hapo palikuwa na jiko.

Kwa hiyo, enyi mnaosimamia mashamba ya chai, ya makampuni na ya serikali, kabla hamjafungua mfuko wa salfa, chukueni vipimo vya mahali. Simu yoyote ya kisasa ina ramani. Andikeni upana wa doa, pH yake, na kile kilichoonekana mlipochimba, iwe mkaa, kigae cha chungu au jiwe la kusagia. Mengi ya mashamba hayo yana maofisa wanaopima udongo, na karatasi zao zimo kabatini. Zitoeni. Wanafunzi wa akiolojia wa vyuo vikuu vyetu wanatafuta mahali pa kufanyia utafiti, na hapa pamejiandika penyewe kwa rangi ya manjano. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana wataalamu wa kuwaongoza.

Na ninyi vijana wa Kericho, wa Nandi, wa Bomet, wakalisheni babu na bibi zenu mkawaulize kwao palikuwa wapi, kwa majina ya vijito, vilima na miti, kisha nendeni na maelezo hayo mpaka ukingoni mwa shamba. Msiogope kuonekana mnatafuta ugomvi. Kuuliza bibi yako alizaliwa wapi si ugomvi. Mkilikuta doa la manjano mahali alipolitaja, liandikeni kwa jina la mwenye boma, kama yule mwanamke wa New Jersey alivyoviandika vichaka kwa majina ya waliovijua, na nakala ya maandishi hayo ipelekeni mahali pawili au patatu ili isipotee.

Salfa hufanya kazi yake kwa miezi michache. Wazee hawana miaka mingi. Anzeni msimu huu.